Nyekundu Aliyoiona Eudaldo

Jumatatu, 11 Machi

Mwandiko huu, kama ningekuwa bado nafundisha, ningeupa sifuri.

Plimuti yetu imeungua! Si yote — lakini moshi ulitoka chini ya boneti, mweusi, mzito, na harufu ya mpira imeganda kwenye mapazia mpaka sasa. Gari la mwaka hamsini na moja. Limenizidi miaka mitatu, lina injini ya dizeli ya Kijapani tumboni, na ndilo linalotulisha. Osniel, mwanangu, anabeba abiria kutoka hapa Camagüey hadi Nuevitas kila alfajiri. Kesho habebi mtu.

Ilikuwa hivi. Betri ilikufa Jumamosi. Osniel akapata nyingine kwa jamaa wanaofufua betri kwa kuyeyusha madini ya risasi na kuyamwaga upya. Haina alama hata moja, si jumlisha si toa. Akamwita jirani yetu Eudaldo, fundi umeme. Hakuna gari mtaa huu ambalo halijapita mikononi mwake, miaka arobaini sasa. Eudaldo akaipima betri kwa mita, akajua kichwa kipi ni chanya. Akainama kwenye kebo, akafunga ya kwanza. Akagusisha ya pili — pa! Cheche, halafu moshi. Akaing'oa kebo kwa mkono mtupu. Kiganja chote kimebabuka.

Osniel akamkimbiza bombani. Nikabaki peke yangu na gari, na hapo nikakumbuka utepe wangu.

Ndiyo, utepe. Mwekundu, wa kuzuia kijicho. Niliufunga kwenye kebo moja wiki mbili zilizopita, baada ya Nereida wa ng'ambo ya barabara kulisifu gari mara tatu bila kusema hata mara moja Mungu na alibariki. Watu wengine hufunga kwenye kioo, wazi kabisa. Mimi niliuficha chini ya boneti kwa aibu. Mwalimu wa sayansi miaka thelathini na minne! Mimi niliyewacheka shangazi zangu wote! Osniel angeuona angenitania mpaka nizikwe. Basi niliufungua haraka, nikautia kifuani. Nimeuchoma kwenye jiko.

Angalau hilo hakuna atakayelijua.

Jumanne, 12 Machi

Eudaldo amekuja saa moja asubuhi, mkono umefungwa kitambaa, hata kahawa hakutaka. Amesema hatalala mpaka ajue kimeungua nini.

Fyuzi kubwa ilikuwa imekatika. Akaweka nyingine, taa zikawaka, Osniel akapiga makofi. Tukadhani tumepona. Injini nayo ikawaka baada ya kusukumwa. Lakini mita ikaonyesha betri haipokei chaji hata kidogo. Wakaishusha altaneta, ile inayochaji betri, wakaifungua mezani kwangu, juu ya kitambaa cha kulia chakula. Diodi zote sita zimekufa. Eudaldo alimweleza Osniel polepole: diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, ukifunga betri kinyume umeme wote unazipitia kwa mpigo. Haziwezi kuhimili. Nilikuwa namenya viazi, natikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Somo hilo nimelifundisha.

Redio nayo imekwenda.

Ndipo Osniel akauliza, bila ubaya, ilikuwaje fundi kama yeye akafunga kinyume. Eudaldo akampeleka garini, mbele ya mlango wangu, akamwonyesha. Kebo zote mbili nyeusi, zimepakwa lami, zinazama chini huwezi kuona zinaishia wapi. Angezifuata kwa mita. Ila moja ilikuwa na alama.

"Niliona nyekundu," alisema. "Kebo hii hapa. Nikajua ndiyo ya chanya."

Osniel akainama na tochi. Akatafuta. Akainuka akasema hapana nyekundu yoyote, mzee.

Kisu kilinitoka mkononi. Kilianguka wima kwenye sakafu, karibu na kidole changu, na wote wawili wakageuka kunitazama. Nikasema viazi vina utelezi.

Ni mimi! Ni utepe wangu! Niliufunga kwenye kebo ya bodi, ile ya hasi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Sikuwaza hata sekunde moja kwamba rangi ina maana yake. Na mimi nilikuwa nawafundisha watoto: nyekundu chanya, nyeusi hasi. Niliandika ubaoni kila mwaka!

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda mpaka mlangoni kwa Eudaldo. Nikarudi.

Alhamisi, 14 Machi

Maneno yameshafika foleni ya mkate. Nereida anasema kwa huruma, ile huruma yake yenye sukari nyingi, kwamba Eudaldo maskini ameanza kuona visivyokuwepo, na marehemu baba yake alianza hivyo hivyo. Mwenye gari la jeep la kijani, mteja wa Eudaldo wa miaka ishirini, ameshalipeleka kwa fundi mwingine. Wanawake wakasema bora, kabla hajamlipua mtu.

Nilitaka kusema. Naapa mdomo niliufungua. Nikauliza kama mkate umefika.

Najishangaa. Nilikuwa nikiwaadhibu watoto kwa uongo mdogo, nani kavunja kioo, nani kachukua chaki. Wasimame mbele ya darasa waseme. Mimi nina miaka sitini na mitano na siwezi kusimama mbele ya Nereida.

Diodi hazipatikani. Osniel ameuliza mpaka Santa Clara.

Ijumaa, 15 Machi

Zimepatikana! Eudaldo amezileta, sita, zimefungwa kwenye karatasi ya gazeti. Osniel alimkumbatia. Akamuuliza kazitoa wapi, Eudaldo akasema alikuwa nazo tu, za zamani.

Mchana nilipita kwake nimpelekee supu. Hakuwepo. Mosikovichi yake iko uani, boneti wazi, na pale inapokaa altaneta pana tundu. Nilisimama na bakuli mpaka supu ikapoa. Gari hilo ndilo linalompeleka Sibanicú kila Jumamosi kwa binti yake na wajukuu. Kesho ni Jumamosi.

Amelivua gari lake kutengeneza letu! Kwa kosa langu!

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu inazidi kurefuka, na anayeitembea kwa miguu ni mwingine.

Jumamosi, 16 Machi

Hakwenda Sibanicú. Kutwa nzima amekaa kibarazani. Sikula.

Jumapili, 17 Machi

Altaneta imerudi mahali pake. Ilipofika zamu ya betri, Eudaldo alinyoosha mkono kuichukua kebo, Osniel akamwahi.

"Acha, mzee. Safari hii nafunga mimi."

Alisema kwa upole kabisa, na hapo ndipo palipouma. Eudaldo akatia mikono mfukoni. Mara ya kwanza katika miaka arobaini namwona amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, mikono mfukoni, kama mpita njia. Injini ikawaka. Mita ikasoma volti kumi na nne. Osniel akaondoka kulijaribu gari, honi juu, mtaa mzima ukatoka kutazama.

Eudaldo hakubaki kutazama. Aliingia ndani, akavua kofia, akakaa kwenye meza yangu. Nikamwekea kahawa. Akaniambia binti yake anataka ahamie kwake. Kwamba wiki nzima analala akiiona ile nyekundu, anaiona wazi, imezungushwa mara mbili na fundo dogo. Fundo, amesema! Nilishika ukingo wa sinki. Akasema anaogopa, maana baba yake naye alikuwa akiapa ameona.

Kisha akaniangalia.

"Mwalimu, wewe ulisimama pembeni yangu siku ile. Na sijawahi kukusikia ukidanganya. Uniambie tu hapakuwa na nyekundu. Nitakubali, mita nitampa mtu, nitakwenda Sibanicú kwa amani."

Nikamwambia aningoje, namletea sukari.

Niko chumbani. Nimefunga mlango, naandika. Nasikia kijiko kinagonga kikombe, kisha kiti kinalia. Hajaondoka. Zimepita dakika kumi. Na sukari iko palepale mezani, mbele yake, na macho yake hayana kasoro yoyote.