Nililia Mujukulu Wangu Naye Iko Muzima

Mupendwa Mama Estelle wa radio, miye Kambo Madeleine wa ku commune Annexe, naomba unisaidie, na usinicheke mbele ya kusikia mwisho. Masomo niliacha ku primaire, lakini batoto na bajukulu nilikomalisha na mikono yangu, hakuna muntu ananifundisha kuishi.

Mujukulu wangu Syntiche alisoma théâtre, kucheza mbele ya bantu, na sasa anasema muchezo wake hauna nyumba, unafanyikaka inje, pale kitu yenyewe iko, juu bantu ba muji bamesahau udongo. Nikamwambia, weye, udongo banakanyagaka kila siku, banasahau namna gani? Akacheka. Basi akachagua shamba yangu, ku kisugulu ile kubwa ya muchwa, kwenye tunachumaka bowa, ile uyoga ya kula, mvua ikianza, na ile nilishaahidi Rigobert, fundi wa matofali, aivunje, juu udongo yake inatoa matofali ya nguvu. Siku ya muchezo hakuniambia.

Dimanche natoka ku misa, naona bantu ba Makomeno, quartier ya batajiri, balilala chini bila viatu, masikio ku kisugulu, hakuna muntu anasema, na Syntiche wangu katikati, amepakaa pemba, ile udongo nyeupe, mwili muzima, amefunga macho kama maiti. Weye ungewaza nini? Nikatupa kitabu ya nyimbo, nikatoa kitambaa ku kichwa, nikajiangusha, nikalia kilio ya kweli, nikaita bankambo betu bote, bamama ba quartier bakakimbia na mikeka, nabo balie, na bale ba Makomeno bakawaza ni muchezo, bakalia, kisha bakapiga makofi. Makofi ku kilio. Syntiche akafungua jicho moja:

«Kambo, ulitushinda siye bote.»

Nikamupiga na kiatu.

Sasa anataka nirudie ile kilio dimanche inakuya. Nimekataa, sisemi naye. Lakini si hasira tu. Kwetu, kulilia muntu muzima ni kumwitia lufu, kifo yenyewe. Tangu ile siku, akikohoa mu chumba, nasikiliza ku mulango kama anapumua. Nifanye nini?

*

Kambo Madeleine, ni miye Mama Estelle, nimecheka, unisamehe.

Mutoto alikosa. Pemba haichezewi bila kuuliza bakubwa, na shamba iko na mwenyewe. Hiyo umwambie na mudomo, si na kununa. Lakini na weye uache kiburi: unamuogopea mutoto, halafu unamupatia mugongo. Atajua namna gani unamupenda?

Na pemba, umesahau ni ya nini? Ni ya baraka. Dimanche uende mbele bantu bafike. Chukua pemba na vidole yako, umupakae ku kifua na ku mikono, umwite jina yake, useme: huyu iko muzima, nililia bure. Mukubwa akisema vile, lufu inakosa njia.

Tena kitu moja, na hautaipenda. Pale kulikuwa kweli kitu inangojea kufa, Kambo, na weye njo uliipatia Rigobert aivunje. Ile kisugulu inakulisha bowa tangu zamani. Rigobert atafute udongo kwingine, na umwambie leo, mbele achukue jembe. Kisha uwaonyeshe bale ba Makomeno upande gani bowa inatokeaka. Hiyo Syntiche hajui, akuulize weye.

Na viatu yako uache ku nyumba. Kule banaingiaka bila viatu, na hautapata kitu ya kumupiga nayo.