Hesabu ya Mwende

Mpendwa Nekesa,

Huku Laini Saba tuko sawa. Babu yako amepona kikohozi na amerudi kulalamikia redio ya jirani. Natumaini umeanza kuzoea joto la Lodwar.

Umeniuliza ufanye nini na yule mtoto wa gredi ya nne anayemaliza hesabu kabla hujamaliza kuziandika ubaoni. Nilipoanza kufundisha hapa Kibera nilikuwa na wa hivyo, Mwende, msichana wa Mashimoni. Akimaliza, nilimtuma chaki, nikampa ubao afute, na vitabu vya wenzake asahihishe. Nilidhani namheshimu. Muhula wa pili akaanza kukosa hata hesabu rahisi. Nikamgombeza kwamba amekuwa mvivu. Akanijibu polepole, "Mwalimu, nikimaliza haraka unanipa kazi yako."

Niliona aibu, mjukuu wangu. Kesho yake nikamwambia atunge hesabu ambayo mimi siwezi. Alikaa nayo siku tatu, akitafuna penseli. Alipoileta nilihangaika nayo ubaoni darasa zima likinitazama, mpaka nikasema, "Imenishinda, Mwende. Njoo tuifanye pamoja."

Chuoni hatukufundishwa kusema hivyo, na najua wewe pia utaogopa. Mimi nilikuwa na hakika watanicheka. Lakini Jumatatu nilipoingia darasani nilikuta karatasi tisa juu ya meza yangu, kila moja na hesabu ya kunishinda, na moja tu ndiyo iliyokuwa ya Mwende.

Kunywa maji mengi huko.

Ni mimi nyanya yako,
Kukhu Nafula