Mtani Wangu, Watu Wamefunga Midomo

Mpendwa mtani wangu Mama Agnesi,

Shikamoo. Mungu aliyekulaza salama akuamshe salama huko Chiungutwa. Miguu inaendeleaje? Na dada zako waliokupokea, hawajambo? Sisi huku Newala tunahema, alhamdulillahi, ila nikisema hatujambo nitakuwa nimekudanganya. Najua macho yako hayasomi tena, barua hii utasomewa, kwa hiyo naiandika wazi. Atakayeisoma aisome kwa sauti, hata mbele za watu.

Kuhara kumerudi. Mashine ya kupandisha maji imesimama tangu korosho zianze kuanguka, dizeli hakuna, na watu wanateremka tena kwenye kile kisima cha bondeni. Basi kibanda cha huduma ya kwanza kimefunguliwa palepale: nguzo, turubai la wafadhili, mikeka, na machela yetu ya mianzi. Wameniita mimi, na mwenzangu safari hii ni binti muuguzi kutoka Masasi mjini. Mtoto mzuri, ana adabu, anamwamkia kila mtu, utani haujui. Lakini si wewe.

Unaukumbuka msimu wetu wa kwanza? Tulikuwa tumetoka kwenye mafunzo, tunajua kuchanganya maji ya chumvi na sukari, tunajua kufunga bendeji. Mgonjwa akikataa kunywa ufanye nini, hilo hatukufundishwa. Akaletwa Mzee Chilumba, macho yameingia ndani, meno kayauma. Wanawe wanalia, mimi nambembeleza, "Baba, kunywa kidogo, kwa jina la Mungu." Ananigeuzia kisogo. Ukaja wewe na kikombe, ukachuchumaa.

"Wewe Mmakonde, unataka kufa leo?"

Akazidi kubana meno.

"Subiri kesho basi. Ukifa, sisi Wamakua ndio wa kukuchimbia kaburi, na leo kiuno kinaniuma."

Akafungua jicho moja. "Wamakua wavivu nyie."

"Mvivu nani? Huko kwenu juu maji mnayaota usingizini, leo unapewa kikombe kizima unaringa?"

Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nipe," akasema, "nisije nikazikwa na wewe." Akanywa. Akanywa tena. Jioni alikuwa amekaa, anaulizia ugali.

Mimi pale ndipo nilipoelewa. Neno la mtani mtu halikasirikii, wala haliachi bila kulijibu, na ili alijibu lazima afungue mdomo. Wangapi uliwafungua midomo namna hiyo, Mama Agnesi. Wageni waliotuletea dawa walikuwa wanashangaa, kibanda cha wagonjwa kina vicheko kama ngomani.

Sasa hakuna anayecheka. Tangu mambo haya ya ruksa ya biashara maduka yamejaa, sukari tuliyokuwa tukiipangia foleni ipo, sabuni za kila rangi zipo. Ila zahanati siku hizi ni kuchangia pesa, na asiye nacho anabaki kwake na ugonjwa wake. Kibanda chetu ndicho kilichobaki cha bure, nacho watu wanakikimbia. Sababu nitakwambia.

Aliletwa bibi mmoja, dada yake mama mkwe wangu. Kafunga mdomo vilevile kama Mzee Chilumba. Binti wa Masasi akampigia magoti, "Shikamoo bibi, naomba unywe." Nami nilikuwa nimekishika kikombe, maneno yako yote ninayo kichwani, moja moja. Nitamtamkiaje? Yule ni mkwe wangu, hata jina lake silitaji. Ulimi ulinyanyuka ukarudi ukakaa. Nikambembeleza, nikasoma dua, nikalowanisha midomo yake kwa kitambaa. Kabla ya alasiri akakata roho mikononi mwangu. Watu wakasema turubai lile ni la kusubiria sanda. Wanaharishia majumbani, tunasikia vilio tu. Mwenyekiti wa kijiji ametuambia mikeka ikiendelea kuwa mitupu, turubai litakunjwa lipelekwe kwingine. Simlaumu.

Nilitaka nikuombe uje. Kisha nikakutana na mpwa wako pale stendi ya Masasi, nikamuuliza, "Shangazi yako bado ananitukana?" Akainamisha kichwa. Akasema tangu umzike Baba Agnesi husemi. Unakaa kibarazani, ukisalimiwa unatikisa kichwa, basi.

Nimeikumbuka siku ile ya mazishi. Sisi Wamakonde ndio tuliochimba, kama inavyotupasa watani. Nikavaa koti la marehemu la useremala, nikatembea kwa kuchechemea kama yeye, nikadai chai yangu ya asubuhi. Msiba mzima ulicheka, hata padri. Wewe ulinitazama kama mtu usiyemjua. Nikasema moyoni, ni uchungu tu, utapita. Baada ya arubaini ndugu zako wakaja kukuchukua, ukapanda gari bila kugeuka. Mimi nilikuwa bado nasubiri tusi.

Nakuombea kila baada ya swala, nawe najua Mungu huyohuyo mmoja ndiye unayemwomba. Lakini niseme kweli, sitegemei sana. Watu walionyamaza namna hiyo mimi nimewaona wengi pale mkekani, na dawa yao ilikuwa ni wewe. Wewe utafunguliwa na nani? Nimejaribu kukuandikia utani humu, nimefuta mara nyingi. Unatoka kama hotuba.

Kama huwezi kuja, usije. Mwambie huyo anayekusomea aandike neno lako moja, lolote, hata baya, ampe dereva wa basi la Newala anayelala Masasi, niwasomee wagonjwa kuwa limetoka kwa mtani wao. Watu wanakufa wamefunga midomo, mtani wangu, na turubai halijakunjwa bado.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi mtani wako,
Mama Zainabu