Nyar Asembo na Mama Akinyi

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti la nyanya yangu Dani limepata nafuu tangu mvua ipungue. Dagaa wa omena wanakauka vizuri? Mimi sijambo, ila baridi ya huku Nyeri inanivalisha sweta mbili mpaka saa nne asubuhi.

Mama, ile programu yangu ya kupanga zamu za kuanika omena katika kikundi chenu niliionyesha darasani Jumatatu. Mwalimu wetu wa kompyuta atachagua kazi moja tu ya kwenda maonyesho ya sayansi, na nafasi hiyo naitaka sana.

Akaniuliza, "Kikundi kina akina mama wangapi?"

"Kumi na wawili, Mwalimu."

"Mbona kompyuta inasema kumi na watatu?"

Nikasoma orodha upya. Nyar Asembo alikuwepo, yaani binti wa Asembo, jina ambalo Dani hukuita kwa sababu uliolewa kutoka huko. Mama Akinyi naye alikuwepo, kama majirani wanavyokuita. Wote wawili ni wewe! Nilikuwa nimenakili daftari la kikundi bila kufikiri.

Wanjiru, tunayekaa naye dawati moja, akaangua kicheko. "Kumbe una mama wawili! Niazime mmoja siku ya wazazi."

Mwalimu hakucheka. Alisema nilipochora mpango wa programu nilimfikiria kila mama kama mtu kamili, mwenye jina, wavu na zamu, ambaye hata akiitwa vingine anabaki yuleyule. "Lakini jedwali la kompyuta halimjui mama yako," akasema. "Linajua kilichoandikwa kwenye mstari tu. Jina likibadilika, kwake huyo ni mtu mwingine."

Sikufichi, nililia kidogo. Kisha nikaanza upya. Sasa kila mama ana namba isiyobadilika, na majina yana jedwali lao, kila jina likielekeza kwenye namba ya mwenyewe.

Mwalimu ataikagua tena mwisho wa mwezi. Tafadhali waulize wenzako majina yote wanayoitwa, hata ya utani, unisomee Jumapili kwa simu ya matroni. Usiache hata moja. Safari hii hesabu itakuwa kumi na wawili.

Msalimie Baba, na shangazi anayetutunzia ng'ombe. Dani mwambie jina alilokupa sikulifuta. Wewe ni namba moja, na Nyar Asembo ndilo la kwanza chini yako.

Binti yako asiyekata tamaa,
Akinyi