Mwewe Si Jina la Mtoto

Ombati,

Ulikufa bila adabu. Mjukuu hamtangulii nyanya yake kaburini, na wewe ulijua. Sasa umeniachia vita vya jina, na hivi havina jeshi la kunisaidia.

Mke wako amejifungua. Mvulana, kichwa kama chako, kikubwa, cha kubebea maringo. Naandika Kiswahili ili na yeye asome, maana Ekegusii yetu bado inamshinda, na mimi Kikamba sitaanza leo.

Askari wenzako wa kambini walikuja na blanketi na maziwa ya unga. Wakamwinua mtoto, wakamwita Mwewe. Eti ni heshima, ndilo jina la ile operesheni iliyokumaliza. Mke wako akakubali.

Unakumbuka ukiwa likizo, tukimenya ndizi jikoni, ukaniambia hilo ni jina la kuficha, adui asijue mnakwenda wapi? Ukasema hata majasusi wa nchi nyingine waliwahi kulitumia, na watu wa sinema pia. "Majina yameisha, Nyanya, tunaazimana." Nikakwambia mwewe ni mwizi wa vifaranga. Ukacheka mpaka ukaangusha kisu.

Hiyo sinema nimeiona, Ombati. Vijana wa sokoni walinionyesha kwa simu. Huyo Mwewe wao alipigwa risasi, akaanguka, akaamka, akawasha sigara. Nikirudi nyumbani nikapita kando ya kaburi lako, pale kwa migomba. Nikasimama. Wewe wapi.

Jina walilificha vizuri. Wewe walishindwa kukuficha.

Nilimgombeza mke wako. Kwetu mtoto anabeba jina la aliyelala, si jina la kazi iliyomlaza. Akasema, "Nyanya, nikiita Ombati kila asubuhi, si nitakuwa namngoja aingie?"

Nikamwekea mto mgongoni, mtoto ananyonya.

Mwishowe nikamwambia aite Ombati hivyo hivyo, hata kwa machozi. Mimi nitaliita pamoja naye mpaka ulimi wake uzoee. Hiyo nimeahidi, na wewe umesikia.

Lala sasa, mume wangu mdogo. Sabato hii tunampeleka kanisani, nitambeba mwenyewe na mgongo huu. Mchungaji akiuliza jina, nitalisema kwa sauti ya kufika kwa migomba. Usiitike. Liachilie. Mpe mtoto.