Damu ya Tetea Anayetaga

Nyarugusu, Jumatatu

Kaka Masanja,

Jumatano iliyopita ulichinja kuku wangu arobaini na mmoja ukawafukia, hata mchuzi hakuna aliyeonja. Shikamoo. Mgongo wa mama unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila vumbi la makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu linatukohoza.

Simu yangu hupokei, kwa hiyo yote nimeyasikia kwa wifi. Mama alipozidiwa ulikwenda kwa mfumu akupigie ramli kwa kuku, ukabeba tetea kutoka banda langu la hapo nyumbani. Mkaangalia matumbo, damu mkaiacha kwenye bakuli. Mliporudi kwenye bakuli, juu ya damu pamesimama maji meupe. Mfumu akasema hiyo ni dawa ya kichawi ya machimbo, imeletwa na mwanamke wa ukoo kupitia kuku hao. Yaani mimi! Niliyewalea sitini tangu vifaranga, asife hata mmoja, nikawaleta huko Samuye ili mama asikose yai.

Juzi Jumamosi nilichinja wawili hapa kwangu, jogoo na tetea anayetaga, wote wazima. Damu nikakinga kwenye glasi mbili, nikaziacha zitulie. Maji ya juu ya damu ya jogoo yalikuwa maangavu. Ya tetea yalikuwa mazito kama maji ya kuoshea mchele. Hata mimi niliogopa, kaka, sikufichi. Nikabeba glasi zote mbili hadi kwa bwana mifugo. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Kulwa, ulitaka kiini cha yai kipite wapi? Hewani?"

Akanieleza. Kuku akianza kutaga, ovari yake inamwaga homoni, na homoni hiyo inaliamrisha ini litengeneze mafuta na protini za kiini. Vyote hivyo husafiri kwenye damu. Hata chokaa ya ganda inapanda humo humo, zaidi ya mara mbili ya ile aliyo nayo jogoo.

"Hata jogoo nikimchoma homoni hiyo hiyo," akasema, "siku chache tu damu yake itakuwa hivi hivi. Utasema naye karogwa?"

Na mila yenyewe umeikosea. Baba alipokwenda kwa mfumu alibeba kuku mchanga, ambaye hajataga. Wewe umeona uvivu kukimbizana na vifaranga, ukakamata aliyelala kwenye kiota.

Mmoja kwa mfumu, arobaini na mmoja shimoni, wamebaki kumi na wanane. Wifi anasema Jumamosi hii unawamalizia. Hawana ugonjwa wala uchawi. Wana mayai.

Msalimie mama, dawa ya kuchua nimempa kondakta wa basi pamoja na barua hii. Wifi mpe pole ya kuchimba shimo peke yake.

Nataka unipigie kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Usiniambie "tutaona", wala usimpe mama simu akusemee. Hao kumi na wanane utawachinja, au utawaacha?

Mdogo wako,
Kabula, Mama Kulwa