Mteremko Ulioniusia

Baba yangu,

Ulinifundisha kwamba barua huanza kwa kujuliana hali: sisi huku wazima, wasiwasi wetu ni juu yako uliye mbali. Leo siwezi kuandika hivyo. Juu yako sina wasiwasi, nimekwisha kukukabidhi kwa Mwenyezi Mungu. Wenye uzima wa maneno tu ni sisi tuliobaki.

Nimerudi Maskati juzi. Mbao zako za kutelezea thelujini nimezirudisha mahali pake, nyuma ya mlango wa chumba chako, na viatu vyake viko chini ya kitanda. Magoti yananiuma. Sikukushukia Mweusi. Nakwambia mapema kwa sababu hukupenda mtu wa kuzunguka.

Mama amemaliza eda. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani, hana hina, hana manukato, na nyumba haikufukizwa udi hata siku moja. Nilidhani siku ya kutoka atawasha chetezo mwenyewe, kama alivyokuwa akifanya kila Alhamisi ulipokuwa hai. Hakukiwasha. Mpaka leo nyumba yako ya Qurum inanuka sabuni na kiyoyozi. Anapika mchuzi wa watu watatu, halafu anasimama kuitazama sufuria. Mimi namsaidia kula, lakini tumbo langu ni moja.

Unaukumbuka wasia wako? Uliuandika kwa mkono wako, kurasa tatu, kama wanavyouandika watu wazima wa hapa wakiwa bado na akili zao: siku kumi na mbili za Ramadhani zilizokupita ukiwa kitandani, kafara ya kiapo ambacho hukukitaja, mazulia ya msikiti. Shekhe aliyekuja kutusomea alikwenda vizuri mpaka mstari wa mwisho. Hapo akasita, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mbao zangu za theluji ni za Rayya, na anishukie Mweusi, kama watu wanavyohijiwa."

Akauliza Mweusi ni nani. Ikanibidi nimweleze shekhe wa watu, na Mama amekaa nyuma ya pazia, kwamba Mweusi ni mteremko wa theluji huko Bulgaria ulikosoma ujanani, na umeitwa hivyo kwa sababu nguzo zake zina alama nyeusi, maana yake asiye fundi asikanyage. Shekhe akasema mrithi hausiwi mpaka warithi wenzake waridhie, na habari za milima hakuzisoma popote. Mama akaridhia mbao, akakataa mlima. Shekhe alipokwisha kuondoka, Mama akaniita.

"Kakwachia mbao," aliniambia. "Hajakwachia roho ya pili."

Lakini mimi na huo mlima tumekua pamoja. Nilikuwa na miaka kumi na tano lilipofunguliwa lile jumba la theluji Dubai, ukanipakia garini alfajiri na chupa ya chai ya maziwa, tukavuka mpaka wewe unaimba. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, na ndevu nyeupe, umevaa koti la kukodi lenye rangi ya chungwa. Wenzangu walifundishwa na walimu wa kulipwa. Wewe ulinifundisha kwa mambo ya jikoni. Ncha za mbao zikutane mbele na visigino viachane: hiyo ni sambusa, ya kupunguza mwendo. Mbao zote mbili zinyooke sambamba: hizo tambi, za kukimbilia. Nilikuwa nikishuka nawe uko nyuma yangu, "Sambusa, mwanangu, sambusa," na watu wanageuka kutafuta inauzwa wapi.

Kibano cha kiatu chako kilipokatika ulikipeleka kwa fundi viatu wa Hamriya. Alikigeuza, akakigonga kwa kidole, akauliza mgonjwa kavunjika mguu upi. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye kigoda chake. Na zile asubuhi za Ijumaa tulizokuwa tukipanda vilima vya Bustan ili tushuke ubavuubavu juu ya mawe, fimbo mkononi, kukomaza mapaja, na mbuzi wanatutazama. Ulikuwa ukisema mlima usiutazame wote, tazama hatua tatu tu. Nimeishi kwa hatua tatu tatu tangu ulipougua. Nilikuwa nikihesabu milango ya hospitali mpaka chumba chako.

Na kila safari ya Dubai, tukishapita Sohar tu, hadithi ya Mweusi ilianza. Asubuhi ya barafu, wewe na Ami Seif, wanafunzi wawili wa Kizanzibari kwenye makoti ya kuazima, na namna ulivyoushuka kutoka juu mpaka chini bila kuanguka. Naijua hadithi hiyo kuliko wewe. Ulipokuwa ukikosea rangi ya koti, mimi ndiye niliyekusahihisha.

Eda ilipokwisha na baridi ikaingia, nilikata tiketi. Mama hakunizuia tena, alinuna tu. Kabla ya kuondoka nilimpigia Ami Seif kumwuliza Mweusi unaanzia upande gani ukishuka kwenye lifti ya viti. 

"Babako hakushuka, mwanangu," alisema. "Kafika juu, katizama, kavua mbao, kashuka kwa miguu. Mie nlimngoja chini mpaka adhuhuri. Kan'ambia nisimwambie mtu, na mpaka leo sijamwambia."

Nikaenda kuutoa wasia wako kabatini. Kama watu wanavyohijiwa. Baba, hija yako uliifanya, mlikwenda na Mama, na jamaa wote walikuja kiwanja cha ndege kukupokea. Aliyekwisha kuhiji hahijiwi. Anayehijiwa ni yule aliyekufa hakujaaliwa. Ulikuwa umeandika ukweli wako mbele ya mashahidi wawili, nami nikausoma miezi minne na kudhani unatania.

Nilikukasirikia. Usinione mtoto mbaya, nilikukasirikia kwelikweli. Miaka ishirini ya Sohar. Ungeniambia tu, hata kule hospitali, siku zile tulipokuwa hatuna la kuzungumza tukahesabu matone ya dripu. Ningekupenda vilevile. Lakini tiketi nilikuwa nimekwisha kuikata, na hasira nayo inasafirisha mtu. Nikaenda.

Nilifika juu asubuhi saa tatu. Bango jeusi lipo. Nilijivuta mpaka ukingoni na sikuuona mteremko. Ncha za mbao zako ziliishia hewani, na chini kabisa nikaona paa la mkahawa, dogo kama kiberiti. Theluji ilikuwa imeganda, inang'aa, haina hata pahala pa kubania. Mzee wa rika lako akanipita na kibegi mgongoni, akakata kona mbili, hakuonekana tena. Nikapiga bismillahi. Nikapiga nyingine. Mara ya tatu nilisikia aibu, nikanyamaza.

Niliogopa, Baba. Nilitafuta neno jingine huko juu lenye heshima zaidi, sikulipata. Nilimfikiria Mama na sufuria yake. Na nilitazamia kukusikia nyuma yangu. Hiyo ndiyo iliyonipeleka, nadhani, kuliko wasia wenyewe. Niliamini kwamba ukingoni pale, kama kuna pahala popote duniani, nitakusikia unasema sambusa. Nilisubiri. Nilivua na kofia ili masikio yawe wazi. Palikuwa na upepo, na kelele za lifti, basi.

Ndipo nikakumbuka sharti la pili, lile ambalo kila mtoto wa madrasa analijua: mtu hamhijii mwenziwe mpaka awe amekwisha kuhiji yake. Hata ningeushuka Mweusi siku ile, ningeushuka wa kwangu. Wa kwako ungebaki pale pale. Ningepaswa kupanda tena na kushuka mara ya pili, mimi ambaye hata mara moja siiwezi. Wewe ulilijua sharti hilo. Sijui ulisahau au ulidhani bintiyo ni fundi wa kuushuka mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

Palikuwa na njia nyingine, na nitakuambia hata hiyo. Ningeweza kuzunguka, nishuke na lifti, nije Maskati niseme nimeshuka. Nani angejua? Ningempelekea Ami Seif habari, ningemsimulia Mama rangi ya barafu. Hadithi yenyewe ninayo tayari, imekamilika, mpaka na koti. Nilikaa nayo mdomoni kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na woga.

Kisha nikavua mbao. Nikaziweka begani, nikashuka kwa miguu pembeni mwa nguzo, nikizama mpaka magotini, nikikaa, nikiinuka. Kuna pahala nililia na machozi yakanigandia kwenye shali. Kila baada ya hatua tatu nilijiuliza kama wewe ulipumzika hapa. Nilidhani angalau kwa njia hiyo ya kushindwa tutakutana, maana ndiyo njia yako. Hatukukutana. Nilifika chini adhuhuri, na chini hapakuwa na mtu wa kuningoja.

Nilipoingia nyumbani Mama alikuwa jikoni. Aliyatazama magoti yangu kabla ya uso.

"Umeshuka?"

Nikamwambia sikushuka, nimevua mbao. Akasema alhamdulillahi, akanishika kichwa, akanibusu. Halafu akageukia karai, akaweka mikono ndani ya maji asioshe kitu. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ni furaha.

"Basi hakuna aliyemshukia," alisema.

Kumbe Mama alijua siku zote kwamba hukuushuka. Aliukataa mlima mbele ya shekhe, na kwa muda wote niliokuwa huko alikuwa akiomba niushuke.  Nilisimama karibu yake, naye akaendelea kulia ndani ya karai.

Baba, sitakudanganya kwamba nimepata utulivu. Sina. Nyumba ni kubwa, Mama anapungua, na sauti yako nimeanza kuisahau, nabaki na maneno yake tu. Bulgaria sitarudi. Najijua.

Lakini zile siku kumi na mbili za Ramadhani naziweza. Zangu nilikwisha kuzilipa mwezi uliopita, basi sharti limetimia. Ya kwako ya kwanza nimefunga jana, na hii nnayokuandikia ni ya pili. Nakuahidi zote kumi na mbili, siku kwa siku, na kila siku nitamfanya Mama afuturu nami hata kama hakufunga, ili sufuria ipungue.

Na nimeanza kuandika wasia wangu. Nimeziandika mbao, na viatu, na jina la fundi wa Hamriya kwa atakayekatikiwa kibano. Mlima sikuuandika. Kwangu mimi utaishia hapa, na nitakayemwachia mbao nitamwambia mwenyewe, ningali hai, kwamba nilifika juu nikaogopa, na kwamba babu yake alifika kabla yangu.

Niwie radhi, Baba. Lala salama kwa Mola wako. Adhuhuri imeadhiniwa, nakwenda kusali.

Mwanao,
Rayya